Kushauri si Kuamua: Mikutano ya Eastlands Ilikotoka

Majuzi nilihudhuria mkutano wa ushirikishaji wa umma katika ukumbi wa mtaa mmoja wa Eastlands, hapa Nairobi. Jambo lililotuita lilikuwa mpango wa kubomoa nyumba kongwe za enzi za ukoloni na kujenga maghorofa mahali pake. Afisa aliyetumwa, kijana nadhifu na mwenye adabu, alisoma waraka wa Kiingereza kwa muda mrefu, akaufasiri kwa dakika chache, kisha akawaalika wakazi watoe maoni. Mama mmoja mzee, ambaye alisema alizaliwa katika mtaa huo huo, alisimama akauliza swali fupi.

"Mwanangu, tukikataa, itakuwaje?"

Kijana akatabasamu. "Mama, maoni yenu yatazingatiwa."

Mama akabaki amesimama vile vile. "Na nani?"

Ukumbi ulicheka, afisa naye akacheka, mkono wa mwingine ukainuliwa na mkutano ukaendelea. Swali lile la pili halikujibiwa. Mimi ni mwalimu wa isimu, na nakiri kwamba sikucheka. Kitenzi "yatazingatiwa" kiko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina uwezo wa kumficha mtenda asionekane kabisa. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa kwamba mtenda akitakiwa ajitokeze, huletwa na "na": mlango umefungwa na bawabu. Mama yule, bila kutaja istilahi yoyote ya sarufi, alikuwa akidai ile "na" pamoja na nomino iliyostahili kuifuata.

Wengi wetu hudhani kwamba tabia ya kuwaita wananchi wasikilizwe, kisha waende zao bila ya kuamua lolote, ni uzembe wa watawala wa siku hizi. Sivyo. Ni desturi yenye umri wa kukaribia karne nzima, na imelelewa katika mitaa hii hii. Lakini katika mitaa hii hii pia ilikua desturi nyingine iliyo kinyume chake, ya watu kukutana, kubishana na kuazimia. Historia tunayowafundisha vijana wetu huitaja ile ya kwanza kama hatua ya maendeleo ya serikali za mitaa, na hii ya pili huitaja kama vurugu.

Ili tuione tofauti vizuri, hebu tuvuke bahari kidogo. Wamarekani husimulia kwa fahari jinsi walowezi wa Kiingereza wa Massachusetts walivyoanza kujitawala kwa mikutano ya mji. Tarehe 8 Oktoba 1633, wakazi wa Dorchester waliagiza kwamba ngoma ilie, watu wakutane saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, na kwamba lile ambalo wengi wataafikiana limfunge kila mmoja pasipo ukaidi. Wakachagua watu kumi na wawili wa kuendesha shughuli zao. Mambo yenyewe hayakuwa makubwa: mashamba, nyua, ng'ombe waliopotea. Wala mkutano ule haukuwa wa kila mtu, kwani wanawake na watumishi hawakuwa na sauti, na wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi hiyo hawakuulizwa kitu. Hata hivyo, aliyeruhusiwa kuingia mkutanoni aliingia kuamua. Hakuna aliyewaambia watu wa Dorchester kwamba maoni yao yangezingatiwa.

Nairobi nayo ilikuwa makazi ya koloni. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na muda si muda mji ukawa na kamati yake ya usimamizi. Mwaka 1919 ukapewa hadhi ya manispaa. Mwaka 1926 serikali ilimteua Jaji Richard Feetham wa Afrika Kusini achunguze namna ya kuendesha serikali za mitaa, na ripoti yake ya mwaka uliofuata ikaupa nguvu uongozi wa walowezi. Wazungu walikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa, na Wahindi wakapigania viti vyao. Mwafrika, aliyekuwa mwingi kuliko wote, hakuwa na hata kimoja hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nadharia ya serikali ilikuwa kwamba Mwafrika ni mpita njia mjini, kwao ni reserve, na mpita njia hapigi kura.

Lakini mpita njia huyo alikuwa amekwisha kujenga. Kabla ya kuwapo Pumwani kulikuwa na vijiji kama Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Yatazame majina yenyewe, msomaji, uone jinsi watu wa pwani, wapagazi wa misafara na askari wastaafu walivyoileta lugha yao bara. Walikuja na nyumba zao za mtindo wa Kiswahili pia, na nyumba za aina hiyo zilikuwa na kibaraza mbele. Baraza, kabla halijawa mkutano, ni kikalio: ile sehemu iliyoinuka mbele ya mlango, ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wake bila ya kuwaingiza ndani. Wengi hulihusisha neno hilo na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujitokeza hadharani. Barazani watu hukaa bega kwa bega. Hapana meza inayomtenga mmoja na wengine, na anayepita njia anaweza kusimama akatia neno lake.

Serikali ya kikoloni ililichukua neno hilo ikaligeuza. Baraza likawa mahali ambapo Bwana DC hukaa kwenye kiti chini ya mti, akazungukwa na askari, na watu wakakaa chini kusikiliza amri. Neno "shauri" lilipatwa na msiba kama huo. Katika Kiswahili cha asili shauri ni tendo la wengi, kwani huwezi kufanya shauri peke yako. Hadi leo tuna "halmashauri", neno ambalo asili yake ni watu wa kushauriana. Kinywani mwa mlowezi, shauri likawa kesi, usumbufu, jambo la kumletea bwana alikate. Na sisi wa Nairobi tukamalizia kazi hiyo tuliposema "shauri yako", tukimaanisha hayanihusu. (Wanafunzi wangu hudhani hii ndiyo maana ya asili. Kila mwaka nalazimika kuanza upya.)

Pangani ndiko alikokuwa Abdalla Tairara, mmoja wa wale walioanzisha chama cha vijana pamoja na Harry Thuku mwaka 1921. Chama hicho, kilichopanuka na kuitwa East African Association, kilifanya mikutano ya hadhara na kutangaza hoja zake kwa Kiswahili, ili Mkikuyu, Mluo, Mkamba na Mganda wa mjini wasikilizane. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi. Wajumbe wao wakaenda kuonana na wakubwa wa serikali, nao wakarudi na ushauri kwamba watu watawanyike waiachie serikali jambo hilo. Ni wanawake, wakiongozwa na Mary Muthoni Nyanjiru, waliokataa kutawanyika na kuwasuta wanaume waliokuwa wameanza kuondoka. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa ni 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Siku ile watu wa Nairobi walijifunza thamani ya jibu la "tutalifikiria".

Katika miaka hiyo hiyo manispaa ilianza kuwahamishia Waafrika Pumwani. Ikajitwalia pia haki ya kutengeneza na kuuza pombe ya kienyeji mtaani humo, ikawapiga marufuku akina mama waliokuwa wakiipika, na faida yake ikaingizwa katika mfuko maalum wa huduma za Waafrika. Kwa hiyo mnywaji wa Pumwani alijilipia huduma zake mwenyewe kwa kila kibuyu alichokunywa, na waliokaa kuamua fedha hizo zitumiweje ni watu ambao hawakupata kukanyaga mtaani kwake. Wazao wa wale walowezi wa Massachusetts walianzisha vita vya uhuru katika karne ya 18 kwa kisa kisichotofautiana sana na hiki.

Ndipo lilipozaliwa Baraza la Ushauri. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 manispaa ilikuwa na chombo cha kuwasikiliza Waafrika wa mjini, kilichokusanya wazee na wawakilishi wa makabila. Baada ya vita kikawa Baraza la Ushauri la Waafrika. Huko kwenye reserve, tangu mwaka 1924, kulikuwa na mabaraza ya wenyeji ambayo angalau yaliweza kutoza kodi ndogo na kuitumia. La Nairobi halikuwa na uwezo hata huo. Lilikutana, likajadili maji, vyoo, kodi za nyumba na pombe, kisha afisa akayaandika yaliyosemwa na kuyapeleka juu. Sisemi kwamba wajumbe wake walikuwa vibaraka. Wengi walisema kwa ujasiri. Hata maafisa wengine walikuwa na nia njema: Tom Askwith, aliyeshughulikia mambo ya Waafrika katika manispaa kati ya 1945 na 1949, alihimiza kamati za wakazi mitaani na alijua fika kwamba mishahara na nyumba za Waafrika zilikuwa aibu. Lakini muundo wenyewe ulikuwa wa kupendekeza. Na pendekezo, tusisahau, limetokana na kupendeza. Anayependekeza hungoja limpendeze mwingine.

Jina la Shauri Moyo lilizaliwa wakati huo. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na manispaa ikajenga nyumba za kupokea waliohamishwa. Watu waliokuwa na nyumba zao, wakiwamo wanawake wengi walioziweka akiba ya maisha yao yote humo, wakajikuta katika nyumba za manispaa. Wazee husimulia kwamba walipoulizana waende wapi, jibu lilikuwa ni shauri ya moyo: kila mtu aulize moyo wake. Mimi husikia kejeli katika jina hilo. Moyo ndio mshauri pekee waliyeachiwa.

Nimesema kulikuwa na desturi ya pili. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Jina lake lina sura ya lugha za Mijikenda, ambamo "kulola" ni kutazama, na "kaloleni" ni kama kusema "nendeni mkatazame". Katikati ya mtaa pamewekwa ukumbi. Manispaa ilikusudia ukumbi wa namna hiyo uwe mahali pa burudani na mafunzo, watu wasahau siasa. Yaliyotokea ni kinyume chake, na wenyeji wakaubandika ukumbi jina la bunge la makabwela la Uingereza.

Haikuwa ajabu. Kufikia wakati huo watu wa Eastlands walikuwa wamefuzu katika kazi ya mikutano. Luo Union, Kikuyu General Union, jumuiya za Waluhya na Wakamba, vyama vya mazishi, timu za kandanda, makanisa na vyama vya wafanyakazi: vyote vilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la kumbukumbu. Karani wa reli wa Makongeni alijifunza humo kutoa hoja na kuungwa mkono, na mpishi wa Mzungu, asiyeruhusiwa kuketi mbele ya bwana wake, jioni aliitwa Bwana Mwenyekiti. Fedha za kusafirisha maiti hadi nyumbani zilitozwa, zikahesabiwa, na aliyezila akashtakiwa mbele ya wenzake. Hiyo ilikuwa serikali, ingawa haikupata kuitwa hivyo katika ripoti yoyote.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Mombasa, na habari zake zilifika Eastlands kwa reli. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili. Kila siku walikutana katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Pale walijadili, wakaamua, wakawahukumu waliovunja mgomo. Chama kilichotokana na mgomo ule, African Workers' Federation cha Chege Kibachia, kilianza kuenea bara kabla Kibachia hajakamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1950. KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, viliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Makhan Singh, katibu mkuu wa umoja wa vyama vya wafanyakazi uliokuwa umeundwa mwaka uliotangulia, alisimama akataka azimio litamke wazi kwamba maeneo ya Afrika Mashariki yapewe uhuru kamili na mamlaka yake. Kumbuka kwamba wiki chache tu kabla ya hapo, tarehe 30 Machi, Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, na vyama vya wafanyakazi vikasusia. Jiji la nani, waliuliza. Sasa, ndani ya ukumbi uliojengwa ili watu wasahau siasa, mkutano wa wapangaji wa chumba kimoja ulitamka jambo ambalo hakuna baraza la ushauri lingethubutu kulitia katika ajenda.

Azimio si pendekezo. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kukata shauri na kushika nia. Serikali iliuelewa utofauti huo vizuri kuliko walimu wengi wa sarufi, kwani tarehe 15 Mei Makhan Singh na Fred Kubai, rais wa umoja ule, walikamatwa. Mgomo mkuu ukafuata na mitaa ya Eastlands ikawa kitovu chake. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini kwa miaka kumi na mmoja.

Sitaki kuipamba Eastlands ya wakati huo. Mikutano ile ilikuwa ya wanaume zaidi. Nyingine zilikuwa za kabila moja na zikaacha makovu tunayoyajua. Zaidi ya hayo, ubishi ulipogeuka kuwa vita, waliotofautiana na wengi waliuawa: Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU, mwaka 1952, na diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953. Mitaa miwili yenye majina yao ingali hapo. Hali ya Hatari ilifunga kumbi, na tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira mji katika msako ulioitwa Anvil na kuwazoa maelfu kwa maelfu. Siasa ziliporuhusiwa tena, kumbi zikajaa tena.

Baada ya uhuru tungetarajia desturi ya Kaloleni irithi ile ya Baraza la Ushauri. Mambo hayakwenda hivyo. Nairobi ilikuwa na meya Mwafrika, Charles Rubia, tangu 1962, lakini serikali huru ilirithi baraza la chifu pamoja na kiti chake, na ikarithi sheria ya kuomba leseni ya mkutano, ambayo haikulegezwa hadi 1997. Mwaka 1983 baraza la jiji lilivunjwa, na kwa karibu miaka kumi jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa. Wakazi wa Eastlands wakarudi kuwa watu wa kusikilizwa.

Katiba ya 2010 ilitupa matumaini. Inasema mamlaka yote ni ya wananchi, inataja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 184 kinataka wakazi washiriki katika uendeshaji wa miji. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ikaleta mabaraza ya wakazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, hadi nilipotazama vitenzi. Wakazi wanaweza kujadili. Wanaweza kutoa mapendekezo. Wanaweza kuwasilisha maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Kuamua hakumo.

Najua hoja ya upande wa pili, na si dhaifu. Jiji la mamilioni ya watu haliwezi kuendeshwa kama kijiji cha Dorchester. Tuna wajumbe wa wadi tuliowachagua, na kazi yao ni hiyo ya kuamua. Tena mtaa mmoja ukipewa kura ya turufu, hakuna bomba la majitaka litakalopita popote. Nakubali. Lakini kati ya kura ya turufu na "yatazingatiwa" kuna nafasi pana sana. Mkutano unaweza kupiga kura na hesabu yake ikaandikwa. Afisa anaweza kutakiwa kurudi katika ukumbi ule ule, kwa tarehe iliyotajwa, aeleze kwa Kiswahili, ambacho Katiba hiyo hiyo imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, ni maoni yapi yaliyokubaliwa, yapi yaliyokataliwa, na aliyeyakataa ni nani kwa jina na cheo. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji tu kihusishi na nomino.

Walimu wenzangu wa historia na Kiswahili walio katika shule za Eastlands wanaweza kuwapeleka wanafunzi wakaone ukumbi wa Kaloleni. Jina lenyewe linawaalika. Mtoto wa Makadara anaweza kumaliza shule bila ya kujua kilichosemwa Aprili 1950 umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao.

Siku ile ya mkutano tulipitishiwa karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa na nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Haikuwa na nafasi ya ndiyo wala ya hapana. Nilitia sahihi kama wengine, na nadhani mahali fulani sahihi yangu imehesabiwa kuwa ushirikishaji. Afisa alitushukuru, akafunga kwa sala, akaondoka na gari lake.

Watu hawakuondoka. Nje ya mlango kuna ngazi na ukingo wa saruji, na mama yule alikwisha kuketi hapo, wengine kama thelathini wakamzunguka. Mtu akamtaja mzee mmoja awe mwenyekiti, mwingine akaunga mkono. Msichana wa shule akapewa daftari aandike. Walibishana karibu saa nzima, mara mbili kwa ukali, juu ya kama wadai nyumba mpya kwa kodi ile ile au wakatae kuhama kabisa. Wakahesabu mikono. Mwishowe wakateua watu watano waandike barua, wanawake watatu na wanaume wawili, na wakaafikiana wakutane tena Jumapili saa nane, baada ya kanisa, pale pale nje.

"Na wewe mwalimu," mama akaniambia nilipokuwa nikiaga, "uje na kalamu."